Ngiri, Mlezi wa Njuka

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitika kinyonge. Huko shule ya bweni mnakokwenda, mtu akiitika hivyo atanyang'anywa hata godoro. Haya, tena, na mdomo uufungue. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa shule. Shule ya sekondari ya wanyama, ya bweni, kule nyuma ya kilima, ambako mzazi akienda na kurudi huukanda mguu wake kwa maji ya moto. Mwalimu Mkuu alikuwa Tembo. Tembo mwema tu, mnene, mwenye sauti ya kuaminika. Kila mwaka njuka walipofika, na njuka ndilo jina walilopewa wageni wa kidato cha kwanza, Tembo alisimama mbele ya wazazi akasema:

"Wazazi wangu, msiwe na hofu. Mtoto mgeni anahitaji mtu wa kumzoesha shule, na mtu huyo tunaye. Huyu hapa Ngiri, wa kidato cha nne. Ndiye Mlezi wa Njuka."

Ngiri akasimamisha mkia wima, akatabasamu, pembe zake zikachomoza huku na huku. Wazazi wakapiga makofi, pwa pwa pwa. Mimi nikiyafikiria makofi yale natamani kutukana, ila kuna watoto hapa.

Sikilizeni sasa huo ulezi.

Akaja Kware na sanduku lake la bati, ndani mtama wa kukaanga. Ngiri akamwambia, "Njuka, karibu. Wewe umechoka, na sanduku limechoka. Lete nilipumzishe." Burrr! Akaliburuta, likazama shimoni kwake. Kware akaenda kwa Tembo analia. Tembo hakuinua hata macho kwenye kikombe cha chai. Akasema, "Utazoea."

Akaja Nungunungu na sanduku lake, ndani mihogo mikavu. "Njuka, karibu. Wewe umechoka, na sanduku limechoka. Lete nilipumzishe." Burrr! Likazama. Tena akaongezewa na maneno: "Na miiba yako hiyo itachana magodoro ya shule. Bwenini usikanyage. Utalala nje, kwenye kuni za jikoni." Nungunungu akaenda kwa Tembo, anaona aibu hata kuutazama mgongo wake mwenyewe. Tembo akasema, "Utazoea."

Akaja Digidigi. Huyu alikuwa mdogo kuliko wote, macho makubwa, miguu ukiitazama unaogopa itavunjika. Komeo la sanduku lake lilikuwa bovu, kwa hiyo mama yake alilifunga kwa kipande cha kitenge, ndani kamjazia karanga za chumvi alizozikaanga mwenyewe. Katika ukoo wote wa digidigi hakuna aliyewahi kuvuka mlango wa sekondari. Huyu ndiye wa kwanza. Ngiri alijali? "Njuka, karibu. Wewe umechoka, na sanduku limechoka." Burrr! Na Tembo? Semeni wenyewe Tembo alisema nini.

— Utazoea!

Ehee. Hiyo ndiyo shule.

Wa mwisho akaja Pimbi. Mnamjua Pimbi, yule mfupi wa majabalini, asiye na mkia wala shida ya kuutafuta. Sanduku lake likaenda kulekule yalikokwenda mengine, na Tembo akasema neno lake lilelile. Lakini Pimbi hakulia, alikasirika. Ipo hasira ya kupiga kelele, na ipo hasira ya kunyamaza ukatazama. Ya Pimbi ilikuwa hiyo ya pili. Alijibana kwenye jiwe moja la uwanjani, anatazama kila kitu.

Akatazama bwaloni. Makande yakipakuliwa, sahani za njuka zote zilipitia kwa Ngiri kwanza. "Mlezi huonja," anasema. "Isije ikawa chakula kibaya kikawadhuru wadogo zangu." Hapo anapiga magoti ya mbele, kama walivyo ngiri wote wakila, na anaonja, nyam nyam nyam, anaonja sahani ya Kware, nyam nyam nyam, anaonja ya Digidigi, nyam nyam nyam, mpaka mkiona kitu kinang'aa mjue ni sahani yenyewe. Njuka wakabaki na ukoko wa sufuria. Kuonja gani huko, jamani? Hata moto huonja kuni, lakini si kwa kusema uongo.

Digidigi akaanza kuisha. Darasani anasinzia, mstarini anayumba. Siku moja akamwambia Pimbi, "Mwenzangu, siku ya wazazi mama akija naondoka naye. Sirudi tena."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Nilidhani shule ni vitabu. Kumbe shule ni ya wenye pembe. Kama kuzoea ndiko huku, mimi siwezi, na sitaki."

Pimbi akamwona Digidigi anayejibu hesabu kabla mwalimu hajamaliza kuuliza, leo anarudishwa nyumbani na tumbo la mtu mwingine. Na akirudi huyu, digidigi wote watasema shule iliwashinda, hakuna atakayeletwa tena.

"Nisubiri mpaka siku hiyo," Pimbi akasema. "Hiyo tu."

"Utafanya nini wewe? Ukisimama hata goti lake hulifikii."

"Nisubiri."

Sasa, shimo la Ngiri lilikuwa nyuma ya bwalo. Hakulichimba yeye. Lilichimbwa zamani na Mhanga, yule mnyama mla mchwa, maana Ngiri hajawahi kuchimba cha kwake. Pimbi akakaa karibu, akamwona Ngiri anarudi ameshiba. Akifika mlangoni akageuka, akaingia kinyumenyume, makalio mbele, uso nyuma. Kesho yake vilevile. Siku zote vilevile.

Pimbi akamwendea. "Shikamoo, kiranja."

"Marahaba, njuka."

"Samahani, kiranja. Mbona kwako unaingia kinyumenyume?"

"Huna adabu, lakini nitakufundisha. Sisi ngiri hatuupi ulimwengu mgongo. Babu aliingia hivi, baba aliingia hivi. Adui akifika mlangoni anakuta pembe."

"Na akiwa ndani?"

Ngiri akacheka mpaka akakohoa. "Ndani ni kwangu! Nani ataingia kwangu?"

"Kweli kabisa, kiranja," Pimbi akasema, akainamisha kichwa kwa heshima zote. "Nani ataingia."

Akaenda moja kwa moja kwenye kuni za jikoni. Nungunungu alikuwa amejikunyata, miiba kailaza kama anaomba radhi.

"Ndugu yangu, unataka kulala ndani?"

"Wapi? Nimeambiwa miiba yangu haifai."

"Haifai kwenye godoro. Kuna mahali inafaa sana."

Siku ya wazazi ikafika. Wakaja na makapu, wakaja na vumbi miguuni, wakaketi uwanjani. Tembo akasimama, Ngiri ubavuni kwake anatabasamu.

"Wazazi wangu! Watoto wenu wamezoea! Ukiwatazama huwatambui!"

Hapo alisema kweli. Mama yake Digidigi alimtazama mwanawe, kweli hakumtambua. Akampapasa mbavu, akaziona moja moja. Wenzake walipopiga makofi yeye hakupiga. Digidigi alikuwa ameshavaa sweta lake la safari.

Pimbi akapenya katikati ya miguu ya watu mpaka kwa Ngiri. "Kiranja," akanong'ona, "pana mama mmoja anauliza masanduku yako wapi. Anasema anataka kwenda kuyaona."

"Nani amemwambia?"

"Sijui, mimi njuka tu. Lakini wewe ukiwa mlangoni kwako, pembe nje, nani atathubutu kusogea?"

Ngiri hakuaga hata Mwalimu Mkuu. Mkia juu, puku puku puku puku! Wazazi wote wakageuka kumtazama anavyokimbia. Akafika shimoni, akageuka, akajitupa ndani kinyumenyume kwa uzito wake wote.

Na ndani, tangu hotuba ilipoanza, alikuwamo Nungunungu. Ameupa mlango mgongo, miiba yote amesimamisha. Kwa mara ya kwanza tangu afike shuleni haoni aibu.

Chwi! Chwi! Chwi-chwi-chwi-chwi!

Halafu:

"MAMAAAA!"

Ngiri akafyatuka shimoni kama kizibo cha chupa. Nyuma yake ameota miiba, imesimama, inacheza. Akakata uwanja, akapindua makapu, akapita katikati ya wazazi, akaanguka miguuni kwa Tembo. "Mwalimu, nichomoe! Nakufa, mwalimu, nichomoe!"

Tembo akashika mwiba mmoja kwa mkonga, akavuta. Chwaa!

"Yalaaa!"

Pimbi alikuwa amesimama palepale. Akasema taratibu, "Atazoea, mwalimu."

Chwaa! "Yalaaa!"

"Atazoea," akasema Kware.

Chwaa! "Yalaaa!"

"Atazoea!" wakasema njuka wote.

"Kimya!" Tembo akanguruma. "Hamwoni huyu ni mtoto na anaumia?"

"Kumbe!" Pimbi akasema, na hasira aliyoikalia siku zote zile ikamtoka. "Kumbe mtoto akiumia unaona! Mwalimu, mimi nilidhani macho yako yanauma. Huyu alikuja kwako analia, hukuona. Yule analala kwenye kuni, hukuona. Digidigi amekwisha mbele yako, bado hukuona. Leo mwenye pembe amechomwa makalio, ndiyo umeona!"

Hapo ikasikika burrr, burrr. Ni Nungunungu anasukuma masanduku kutoka shimoni. Likatoka la Kware, likatoka la Pimbi, yakatoka na mengine yenye kutu, ya njuka wa miaka iliyopita, ambao hakuna hata mmoja aliyeulizwa kwa nini waliacha shule. Likatoka na lenye kitenge.

Mama yake Digidigi akakijua kitenge chake. Akafungua. Ndani palikuwa na maganda ya karanga na chumvi kidogo pembeni. Akayachota yale maganda kwa mikono miwili, akamwendea Tembo, mdogo vile, inabidi ainue shingo kumtazama.

"Mwalimu, mwanangu nilimkabidhi nani?"

"Mama, tuelewane. Maisha ya shule, kila mtoto lazima apitie..."

"Apitie wapi? Kwenye tumbo la Ngiri? Nilikukabidhi wewe! Sikumkabidhi nguruwe, nilikukabidhi wewe mwenye masikio makubwa hayo. Mtoto akilia, unayafanyia nini? Unajipepea?" Akayamwaga maganda miguuni pake. Akamgeukia mwanawe. "Chukua vitu vyako. Twende nyumbani."

Hila ya Pimbi ilifanya kazi, Ngiri amechomwa, masanduku yametoka, na bado Digidigi anaondoka. Ndivyo tunavyowaona wote wakiondoka, mtoto kashika mkono wa mama yake, na aliyemla amebaki shuleni.

Digidigi akatazama sanduku. Akamtazama Ngiri, aliyelala kifudifudi anapulizwa makalio. Akavua sweta.

"Mama, yeye ndiye mwizi. Kwa nini niondoke mimi?"

Mngejibu nini ninyi?

Mama akaketi juu ya sanduku la bati, ndo! "Basi na mimi siondoki, mpaka nikuone unakula kwa macho yangu."

Mama Kware akaketi. Mama Nungunungu akaketi. Uwanja wote akina mama wameketi juu ya masanduku. Tembo akawatazama, akakosa pa kuweka mkonga. Mwishowe akaenda jikoni, akafunga aproni, akapakua makande kwa mkono wake mwenyewe. Sahani ya kwanza ikapelekwa kwa Digidigi, na haikuonjwa. Akala, akaongezwa, akala tena. Mama yake alitazama kila kijiko kinavyoingia, na mwanawe alipomaliza kula ndipo akajifuta macho, akauliza njia ya kurudia.

Tembo alipotaka kutafuta mlezi mwingine wa njuka, akina mama wakamwambia, "Hakuna mlezi. Mlezi ni wewe." Mnataka kujua kama Ngiri alifukuzwa? Nani amfukuze! Baba yake alikuja, wakazungumza na Tembo mlango umefungwa, mambo yakaisha. Ila muhula mzima Ngiri alisoma amesimama, maana kuketi hakuwezekani. Na hata leo ngiri huingia shimoni kinyumenyume, na mashimo ya watu Nungunungu ameyapenda.

Haya, funzo. Nimeagizwa kila ngano niitie funzo, nami ni mtiifu. Mtoto mwema akifika kidato cha kwanza hunyamaza. Akinyang'anywa hutabasamu, akilazwa nje husema ahsante, na sahani yake humpa mkubwa aionje kwanza. Asiwapelekee wazazi maneno, maana kunyanyaswa kidogo humkomaza mtu. Hilo ndilo funzo. Na yeyote nitakayesikia amelifuata, nitapanda kilima hicho na miguu yangu hii mibovu, nimchape mbele ya darasa zima.

Ngano yangu imefika hapa ikachoka. Iliyokukolea, ondoka nayo. Iliyokukwaruza, ondoka nayo pia, ndiyo niliyokutengea.