Kinu cha Nani?

Mwaka njaa ilipobisha hodi mbugani, mtama wa kubangaiza ulipatikana, lakini kinu cha kuutwangia kilikuwa kimoja tu, cha Fisi. Na Fisi mnamjua. Mwanzoni kila aliyetwanga alimwachia kibaba, baadaye viwili, mwishowe nusu ya unga.

Mama Kanga, ambaye vifaranga wake walilala njaa, akaenda kumlilia mfalme Simba.

"Kuanzia leo kinu ni cha serikali!" Simba alinguruma. "Kila anayetwanga atatoa ukufi tu, kiganja kimoja cha unga, wa kuwalisha wagonjwa. Na kwa kuwa Fisi anakijua, awe msimamizi."

Simba hupenda kutoa amri. Kuzifuatilia ndiko kunakomchosha.

Fisi alilia mbele za watu, lakini alipofika nyumbani alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Ukufi wa wagonjwa sasa uliingia tumboni mwake, tena bila lawama. Kinu kikapata ufa, unga ukawa unamwagika mchangani.

"Shemeji, wanangu wanalamba vumbi," Mama Kanga alimsihi. "Kizibe basi."

"Kingekuwa changu, shemeji, ningekiziba jana," Fisi alijibu huku akijipangusa unga mdomoni. "Hiki ni cha serikali. Isubiri serikali."

Sungura alikuwa kwenye foleni, akayasikia. Kesho yake alirudi begani kabeba paja la nyati, akiwa na Simba mwenyewe.

"Mfalme anamtafuta mwenye kinu," Sungura alisema, akilizungusha paja polepole.

Fisi akalitazama. Mate yakamchuruzika, masikio yakaziba.

"Changu! Babu yangu ndiye aliyekichonga!"

"Na ufa huu?" Simba aliuliza.

"Changu!"

"Na unga wa wagonjwa?"

"Changu! Vyote vyangu, leteni!"

Wanyama wakaangua kicheko. Hapo ndipo Fisi aliposikia alichokisema, akaona aibu mpaka mkia ukamnywea. Paja likaenda kwa wagonjwa, naye akapewa nta azibe ufa.

"Mfalme, usituchagulie msimamizi mwingine," Mama Kanga alisema. "Tunaotwanga ndio tukimiliki, tukilinde kwa zamu."

Simba akakohoa kidogo, akakubali.

Siku hizi Fisi naye hupanga foleni. Zamu yake ikifika, Mama Kanga huushikilia mchi, asimpe kwanza.

"Kinu cha nani, shemeji?"

Fisi humeza mate, huangalia chini, kisha hujibu kwa sauti ndogo sana, "Chetu."