Boriti Mbili, Jina Moja

Tulieni mwelezwe. Zamani hizo, mji ulipokuwa na maofisa wengi kuliko nyumba, kila kipande cha mlango kilitakiwa kiwe na jina katika daftari la Bwana Mshangama, Msajili wa Milango. Kisicho na jina hakikujengwa. Miimo, nguzo zile mbili za kando, ilikwisha andikwa. Boriti inayolala juu yake nayo iliandikwa kizingiti, baada ya vikao vitatu na chai nyingi.

Fundi Faki alikuwa akimjengea binti yake, Mwanakheri, nyumba ya kuolewa. Ardhi ya pale ilikuwa tepetepe, kwa hiyo akalaza boriti ya pili chini, ishike miguu ya miimo isisogee. Alhamisi, harusi ikiwa kesho yake, msajili akaja kukagua.

“Hii ya chini inaitwaje?”

“Bado haijaitwa, bwana. Majina si kazi yenu?”

“Tukipe jina kitu cha kukanyagwa na kuku? Ng’oa! La sivyo, hupati muhuri, na bibi harusi haingii.”

Faki aling’oa, roho ikimuuma. Alijua miimo itafanya nini. Saa tu ndiyo hakuijua.

Ijumaa wakwe wamekwisha jaa nje, msajili akaja na muhuri wake. Akaingia, akaubamiza mlango nyuma yake kuupima. Miguu ya miimo ikasogeleana, ikaubana. Akavuta, akasukuma, wapi!

“Baba,” Mwanakheri akauliza, “leo naingia kwangu, au nalala jikoni kwa mama na hina zangu?”

Faki akainama penye ufa. “Dawa yake ni ile boriti ya chini, bwana.”

“Irudishe!”

“Haina jina.”

“Ipe lolote!”

“Mie? Majina hutolewa na kikao. Nasikia kitakaa mwezi ujao.”

Wakwe wakaangua kicheko. Sauti ikatoka ndani, imelowa jasho: “Ipe la mwenzake, Faki! Kizingiti nayo! Naandika, naandika!”

Hapo Faki akaipachika boriti kati ya miimo, akaigonga kwa nyundo ya mti. Miguu ikatanuka, mlango ukaachia. Muhuri ukagongwa palepale, daftari likiwa juu ya mgongo wa mkwe mmoja, na Mwanakheri akaingia kwake kwa vigelegele.

Na tangu siku hiyo, juu kizingiti, chini kizingiti. Mwendee fundi yeyote umwambie kizingiti chako kimeoza, kabla hajagusa msumeno, atakuuliza: “Cha juu au cha chini?”