Aliyeita Akajiitikia

Leo niwaambie lilikotoka neno hohehahe, maana nawasikia mkilitupa ovyo kama maganda ya muhogo, hata watoto wanatukanana nalo.

Zamani hapakuwa na mtu asiye na nyumba, wala neno la kumwita. Mtu hakujijengea peke yake. Aliitisha ujima, kijiji kizima kikaja: hawa wakakata fito, hawa wakakanda udongo, hawa wakasuka makuti. Wakati wa kupandisha mti mkuu wa paa, mwenye nyumba aliita, "Hohe!" na wote wakaitikia, "Hahe!" wakiinua kwa pamoja, na mti ukapanda.

Sharti lilikuwa moja. Anayeitisha ujima awapikie wajenzi chini ya paa lake mwenyewe, au la wazazi wake. Chakula kilichopikwa nje, au kwenye meko ya kuazima, kilihesabiwa cha matanga, na kukila penye ujenzi ni kuiita maiti katika nyumba mpya. Hakuna aliyewahi kujiuliza itakuwaje kwa mtu asiye na paa wala wazazi.

Mtu huyo alikuwa Nyamvula. Aliolewa pale akitoka nchi ya mbali, ndui ikamfagilia mume na wakwe, akabaki na kitoto cha kunyonya, Mbeyu. Mwisho wa kiangazi wanakijiji walichoma mashamba yao, moto ukawaponyoka, ukateketeza nyumba moja tu, ya kwake.

Walimhurumia, hilo siwanyimi. Walimpa unga, wakamlaza kwa zamu mpaka zamu zikaisha. Lakini alipoitisha ujima walimuuliza atapikia wapi. Akamwendea jirani yake, Mbodze, akamwomba amwazime meko. Mbodze alilia machozi ya kweli.

"Mwenzangu, nikikuazima meko, kisha nyumbani kwako afe mtu, nitajificha wapi? Wewe washa moto chini ya paa lako. Mimi nitakuwa wa kwanza kuja."

Kila mlango alijibiwa hivyo, kwa upole, na upole ule ndio unaonikera hadi leo. Walimwambia ajenge kwanza ndipo waje kumjengea, na hakuna aliyesikia upuuzi wa maneno yake mwenyewe.

Basi akachimba mashimo peke yake, akasimika nguzo. Asubuhi moja, mawingu ya masika yametanda, alimlaza Mbeyu kwenye mkeka, akashika ncha ya mti mkuu wa paa, akaita, "Hohe!"

Watu walikuwa wanakunywa uji. Wakainamia vibuyu vyao. Kisha wakamsikia akijiitikia mwenyewe, "Hahe." Mti ukainuka upande mmoja, ukaanguka. Akaita tena, akajiitikia tena. Aliendelea hivyo mpaka jua la utosi, sauti ikimkauka, mwito na itiko vikashikana vikawa kitu kimoja. Majumbani watu waliziba masikio. Wengine waliziba midomo, kwa kuwa midomo yao ilikuwa imezoea kuitikia.

Jioni mvua ikashuka. Mbeyu akashikwa na homa, na masika hayakwisha kabla hajazikwa.

Hapo sasa hapakuwa na sharti la kuwazuia. Chakula cha matanga hupikwa nje. Kijiji kizima kilikuja, kikaketi kati ya nguzo zile zisizo na paa, kikala. Mikono yote iliyohitajika ilikuwapo. Nyamvula aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamgeukia Mbodze.

"Kumbe njia ya kuja kwangu mnaijua," akasema.

Matanga yalipoanuliwa alijitwika mkeka wake akaondoka, na hatujui alikokwenda.

Na tangu siku hiyo, mtu asiye na pa kulala wala wa kumwitikia tukamwita hohehahe. Sharti la meko lilikufa zamani. Hata mafiga wengi wenu hamna. Neno tumebaki nalo. Na matangani bado tunafika, wala hatuchelewi.