Mjuaji na Picha ya Kometi

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maana yake haina kona: ukikitaka kitu, shusha shingo ukifuate kilipo. Fundi simu mmoja aliijua methali hii kwa mdomo tu, mpaka siku ilipomfika.

Mtaani walimwita Mjuaji, na jina lilimkaa kama kofia. Yeye na shemeji yake, mwoka mikate, walipenda nyota. Jioni nne mfululizo walipanda juu ya paa la nyumba na kamera yao kuukuu, jua likizama, kuivizia kometi, ile nyota yenye mkia. Kwa macho waliiona. Kwenye picha ilitoka ukungu mtupu, kama pamba iliyolowa.

Jioni ya kwanza jirani yao, fundi cherehani mwenye duka chini ya nyumba ile, naye mpenzi wa nyota, alimwonya Mjuaji asirekebishe lenzi kwa taa ya duka la ng'ambo ya barabara. Taa iko karibu, nyota ziko mbali. Mjuaji, aliyezoea kufanya kazi na simu ikiwa puani, alimcheka mbele ya wateja wa cherehani, akamwambia ashone suruali zake, mbingu awaachie wenyewe.

Jioni ya tano ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kesho yake kometi ingezama pamoja na jua, na isingerudi wao wakiwa hai. Tena Mjuaji alikuwa amemwahidi mama yake picha, maana miguu ya mama ilishazikataa ngazi.

"Shuka ukamwombe dada wa watu," shemeji alisema.

"Mimi?"

"Kwani mimi ndiye niliyemtukana?"

Akashuka. Dukani palikuwa na wateja watatu, basi akaanza kunong'ona. Fundi cherehani hakuondoa mguu kwenye cherehani.

"Kunitukana ulipaza sauti. Leo umepatwa na mafua?"

Wateja wakaangua kicheko. Mjuaji akapaza sauti.

"Dada, nilikosea. Ulijua, mimi sikujua. Naomba unisaidie, jua linazama."

Cherehani ikanyamaza pale pale.

Juu ya paa, fundi cherehani alielekeza kamera kwenye Zuhura, akazungusha lenzi mpaka nyota ile ikawa nukta kali kama ncha ya sindano, kisha akaibana kwa utepe isisogee. Ndipo akaigeuzia kometi, iliyobakiza vidole viwili tu kuyagusa mapaa. Akaitega kamera ijipige yenyewe, akaamuru kila mtu aweke mikono mfukoni. Mjuaji aliweka ya kwake.

Picha mbili ziliharibika. Ya tatu ilitoka na kichwa cheupe na mkia mrefu, safi kabisa.

Mjuaji alishuka ngazi mbili mbili na kamera mkononi mpaka chumbani kwa mama. Mama aliufuata mkia ule kwa kidole, taratibu, akauliza nani kaipiga.

"Fundi cherehani. Nilimwomba radhi kwanza, mbele ya watu."

Mama aliiacha picha, akamtazama mwanawe usoni, akatabasamu. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.