Viota vya Mzee Lemoita

Mnanichosha na visa vyenu, haya, kaeni. Ndege tandawala walikuwa wanaisha nyikani, ng'ombe wakikanyaga mayai yao. Kijiji kikakubaliana kulipa walinzi wa viota: kila kiota kilichomo malishoni mwako, utoe mbuzi mmoja. Wazee walipofika kwake kukusanya, tajiri Lemoita akagoma. "Kwangu hakuna hata unyoya!"

Mjane Nasieku, mmoja wa walinzi, akaguna. "Kweli, baba. Tandawala hutaga penye nyasi nono, kama kwa jirani yako Saruni. Zako ni za kusugulia sufuria."

"Saruni, yule wa mbuzi watatu? Kwangu viota kumi na viwili, mayai kama kichwa chako!"

"Kuapa huwezi."

Lemoita akang'oa nyasi za kiapo, akaapa mbele ya wazee wote.

"Asante, baba," Nasieku akasema, tayari yuko mlangoni mwa zizi. Lemoita akatoa mbuzi kumi na wawili, na beberu mmoja, faini ya ule uongo wa kwanza.