Kwa Nini Nyota za Kilimia Hazina Mwenyewe

Zamani hizo, kundi lile la nyota ndogo linalochomoza mashariki jioni, mvua zikikaribia, halikuitwa Kilimia. Liliitwa kwa jina la mtemi. Alijitwalia nyota hizo ziwe zake, maana ardhi yote aliyokuwa nayo haikumtosha! Na amri yake ilikuwa moja: nyota zake zikionekana, kila jembe lianze katika shamba la mtemi. Likiisha hilo, ndipo mtu alime kwake.

Shamba hilo lilitanuka kila mwaka. Watu walipopata nafasi ya kulima kwao, mvua zilikuwa zimeshapita nusu, na mtama ukakauka ungali mchanga. Nyanzobe, mjane wa pembezoni mwa kijiji, alimzika mjukuu wake aliyekufa kwa njaa. Akabaki na wajukuu wawili na kikapu kimoja cha mbegu. Kwa uchungu, hata salamu za wajumbe wa mtemi hakuziitikia.

Mwaka uliofuata nyota zilitokea, na asubuhi yake Nyanzobe akaingia shambani kwake. Jirani zake wakamsihi: mwenye nguvu mpishe. Hakusikia. Mtemi akaja mwenyewe, amefura.

"We bibi, hujaziona nyota zangu?"

"Nimeziona, Mtemi," akajibu bila kupiga magoti. "Zimeniambia nilime. Hazikuniambia nilime kwa nani."

Akanyang'anywa jembe. Akaokota kijiti, kikavunjwa. Basi akachimba kwa kucha, akidondosha mbegu mojamoja, vidole vikimtoka damu. Wanawake waliokuwa wakienda kwa mtemi, majembe begani, wakasimama. Walimwonea huruma, kisha wao wenyewe wakaona haya. Mmoja akageukia shamba lake, wa pili akafuata, na kabla jua halijapanda, mtemi alikuwa amebaki peke yake. Jembe la Nyanzobe alikuwa nalo mkononi, wala hakujua kulishika.

Mvua ya kwanza ilikuta mbegu zimo ardhini, na wajukuu wale wawili wakala wakashiba.

Na tangu siku hiyo watu walizipa nyota zile jina la kazi yao, kulima. Waliohama waliondoka na neno hilo pamoja na mbegu zao. Waswahili wakasema Kilimia, na kusini ya mbali Wazulu na Waxhosa wakasema isiLimela. Jina la mtemi je? Ulizeni kote huko. Hakuna alijuaye.