Kwa Nini Nyongeza Hutolewa kwa Mkono

Wapo watu waliosoma mpaka macho yakaingia ndani, lakini waulize kwa nini muuzaji sokoni akishakupimia hukuongezea kidogo kwa mkono, watakwambia hawajui. Si kosa lao. Habari hii haikuandikwa popote. Ilipita kwa wanaojua kusimulia, na hao wamebaki wachache. Ukiwatoa waongo, hawafiki wawili.

Wakati huo hapakuwa na mizani wala kisado. Nchi ya Kimunyu ilikuwa na visima vya maji ya chumvi, na chumvi yake haikuwa hii ya pakiti inayoteleza kama mchanga. Ilichemshwa vyunguni hadi ikashika rangi ya moshi, na punje moja ikiingia kwenye maharage, jirani wa nyumba ya tatu alimeza mate. Siku ya soko baragumu lilipigwa, wazee saba wa Chama cha Kibaba wakaingia kwa mstari, kila mmoja na kibaba chake cha mninga kilichochomwa chapa ya mtemi. Watu walinyamaza, hata mbuzi. Leo nani anamnyamazia muuza chumvi?

Chama kilikuwa na ahadi. Babu yake mtemi aliyetawala siku zile alikubaliana nao: wao walinde njia ya visimani na kumpelekea chumvi kila mwezi unapoandama, naye awakinge na wachuuzi wa nje. Kila soko maneno yake yalikaririwa na mkuu wa Chama, Lugusha, mtu mrefu aliyeipenda sauti yake mwenyewe: "Chumvi yote itakayopimwa kwa kibaba katika nchi hii itapimwa na Chama. Mgeni atakayeshika kibaba, kibaba chake kivunjwe na mzigo wake uchukuliwe."

Lugusha alisifika kwa mfuto. Alijaza kibaba, akapitisha kijiti juu ya mdomo wake, na chumvi iliyozidi ikarudi guniani. Kibaba kilikuwa cha babu yake, na tangu enzi za babu huyo hakuna punje iliyowahi kulala juu ya ukingo wake.

Ndipo akaja Mwavita, mwanamke kutoka ng'ambo ya ziwa, na matenga ya dagaa. Pembeni aliweka kifuko cha chumvi ya kwao. Kila aliyenunua dagaa alitiliwa konzi moja ya chumvi hiyo, kwa mkono. "Dagaa bila chumvi ni adhabu, mama. Shika," alisema. Kufikia soko la tatu watu walikuwa wakinunua dagaa wasiowataka. Mzee mmoja alichukua dagaa wawili, akapewa chumvi ya wiki nzima, na dagaa akawatupia paka.

Magunia ya Chama yakaanza kutoa maji kwa kukaa. Wazee sita wenzake wakamwambia Lugusha, "Mwondoe yule mwanamke. Ukishindwa, kibaba cha babu yako utakirudisha, tutampa mwingine."

Lugusha akamshtaki kwa mtemi.

"Mama, unauza chumvi?" mtemi akauliza.

"Nauza dagaa, baba. Chumvi nagawa."

"Anapima," Lugusha akasema. "Nchi nzima imemwona."

"Kibaba changu kiko wapi, mzee wangu? Nina mkono tu, na huu nilizaliwa nao."

Mtemi akamwambia Lugusha akariri ahadi. Akaikariri kwa sauti ya sokoni. Akaambiwa arudie. Mara ya pili alikwenda polepole, akiutafuta mkono katikati ya maneno, na mkono haukuwamo. Miaka ishirini aliyakariri yale maneno. Siku hiyo ndiyo ya kwanza kuyasikia.

"Basi ongeza neno moja tu, baba," Lugusha akaomba.

"Maneno ya babu yangu siyaongezi," mtemi akasema. "Nikizoea kuongeza, kesho nitapunguza, na nitaanza na ya kwenu."

Soko lililofuata baragumu lilipigwa, lakini watu hawakugeuka. Walikuwa kwenye foleni ya Mwavita. Aliyekuja kwa Lugusha ni Bibi Kalunde peke yake, mteja tangu enzi za baba yake Lugusha, na kikapu cha maharage ya kubadilisha. Lugusha akajaza, akapitisha kijiti, akammiminia. Bibi hakufunga mfuko.

"Imekwisha hiyo, bibi."

"Naona. Yule mgeni ana mkono, mjukuu wangu. Wako ulikatika lini?"

Watu wakacheka. Wale wazee sita hawakucheka. Katika Chama, chumvi iliyopita ukingo ilihesabiwa kuwa ya wizi. Lugusha akakitazama kibaba cha babu yake. Kisha akageuza uso kuelekea kwenye mazizi ya mbuzi, kama mtu aliyeitwa, na mkono wake ukaingia guniani peke yake, ukatoka na konzi, ukaiangusha mfukoni mwa bibi.

"Umefanya nini?" mzee mmoja akauliza.

"Mimi? Nilikuwa naangalia mbuzi."

Bibi Kalunde alikuwa na mdomo uliofika mbali kuliko baragumu. Jua lilipofika utosini, foleni ilikuwa imehama. Mwavita akaona kuvusha chumvi ziwa zima hakuna faida tena. Akabaki na dagaa wake, na chumvi ya kuwatia akainunua kwa Lugusha, kibaba cha mfuto, kisha akasimama pale pale. "Na mkono wangu, mzee wangu?"

Lugusha alizikwa na kibaba chake kichwani. Chama kimekwisha, baragumu limeliwa na mchwa, na chumvi yenye harufu ya moshi hamtaionja tena, poleni sana. Na tangu siku hiyo, muuzaji awe wa chumvi, wa mchele au wa karanga, nyongeza haitoi kwa kipimo. Huitoa kwa mkono. Tena mwangalieni vizuri anapoitoa: hugeuza uso pembeni kidogo, kama mtu aliyeitwa. Msidhani ni uchoyo. Hataki kibaba kimwone.